Mashini ya Kuchanganya Unga wa Uji, na Mikono ya Mama



Siku ya kupima watoto tunawafundisha kila mara juu ya uji wa unga uliochanganywa. Wengi wenu hapa Kivu mnauita sosoma, kama majirani wetu wa Rwanda, na jina hilo limefanywa na mianzo ya majina ya Kifaransa ya mutama, soja na mahindi. Uji huo tunausifu, na hatutaacha kuusifu. Lakini leo somo letu si uji. Ni ile mashini inayochanganya unga wake.

Mama akichanganya unga nyumbani ndani ya beseni, hatari yake kubwa ni kupiga chafya. Sasa wamama wamejiunga katika vikundi, wanachanganya mifuko mingi kwa siku moja na kuiuza sokoni. Ni kazi nzuri, inaleta pesa ya masomo ya watoto. Lakini mashini haiko na macho. Haijui kutenga unga na kidole. Na mama akipoteza vidole, nani atafunga mtoto mgongoni? Nani atashika jembe, nani atafua? Ndiyo maana tunasema maneno haya katika kitabu cha afya, na si katika kitabu cha mafundi.

Ginsi mashini inavyofanya kazi

Mashini nyingi za namna hii ziko na pipa la chuma lililolazwa. Ndani ya pipa kunapita chuma kirefu cha katikati, na juu yake imefungwa mikono ya chuma inayogeuza unga. Moteri inazungusha gurudumu, gurudumu linavuta mkanda wa mpira, na mkanda unazungusha kile chuma cha katikati. Juu kuna mlango wa kumwagia unga, chini kuna mlango wa kutolea.

Angalia vizuri: mikono ya chuma inapita karibu sana na ukuta wa pipa. Fundi ameifanya hivyo kwa kusudi, sababu unga unaobaki pembeni hauchanganyiki. Basi nafasi iliyobaki pale haitoshi kwa kidole. Kidole kikiingia kinapondwa ama kinakatwa. Moteri yenye nguvu ya kusukuma mfuko mzima wa unga haitasimamishwa na mfupa wa mtu.

Mama mwingine anasema, «Lakini inazunguka polepole, nitachomoa mkono upesi.» Tuhesabu pamoja. Ikizunguka mara 30 kwa dakika moja, mkono wa chuma unarudi pahali pale pale kila sekunde 2. Sekunde 2 ni wakati wa kusema tu, «Mama, niletee ile sahani.» Na ukisema hivyo umekwisha kugeuza kichwa.

Kikwembe

Upande wa moteri ndiko kuna mwendo wa mbio. Moteri nyingi za umeme zinazunguka karibu mara 1 450 kwa dakika moja, maana yake mara 24 kwa sekunde moja. Chuma kinachotoka katika moteri kikiwa na unene wa sentimita 3, kila mzunguko unavuta sentimita 9 za kitambaa. Kwa sekunde moja kinavuta zaidi ya mita 2. Kipande kimoja cha kikwembe kina urefu wa karibu mita 1 na sentimita 80. Hesabu mwenyewe: kikwembe chote kinamalizika mbele ya mtu kusema «moja», na kiisha kikwembe ni mwili wako.

Hatusemi kwamba vikwembe ni vibaya! Tunasema kwamba ncha inayoning'inia haitakiwi karibu na mashini. Kwa kazi hii vaa nguo iliyoshonwa, isiyo pana, yenye mikono mifupi. Kitambaa cha kichwa kifungwe, ncha zake ziingizwe ndani. Nywele za kusuka zikae chini ya kitambaa. Mkufu, bangili na pete zibaki nyumbani. Vikundi vingine vinashona blauzi za kazi kwa kitambaa cha namna moja, na wamama wanazipenda kwa sababu ni uniforme yao. Hilo linasaidia kuliko makaripio yetu.

Mkanda na magurudumu yake yafunikwe kwa kifuniko cha bati ama cha wavu wa chuma, kilichofungwa kwa skrubu. Juu ya mlango wa kumwagia unga kuwe na wavu pia. Namna ya kuupima ni rahisi: mashini ikiwa imekufa kabisa, jaribu kupitisha mkono wako. Kama mkono unapita mpaka unagusa mikono ya chuma, wavu huo haukulindi. Mlango wa chini usisahauliwe. Wamama wengi wanaogopa mlango wa juu, kiisha wanaingiza mkono chini kuvuta unga uliokwama, na mikono ya chuma iko pale pale. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kufanya vifuniko hivi vyote kwa siku chache. Bei yake iingizwe katika bei ya mashini tangu mwanzo, maana mashini isiyo na vifuniko bado haijanunuliwa yote.

Mashini iliyonyamaza

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa mlikumbuke hata mkisahau mengine.

Katika miji yetu umeme unakatika mara nyingi. Tuseme wamama wanachanganya unga usiku, kwa sababu usiku ndiyo umeme unapatikana. Pipa limejaa nusu. Mara giza. Moteri inanyamaza. Mmoja anawasha taa ya telefone, anaona unga wa soja umeshikamana pembeni, na anafikiri, «Hii ni nafasi nzuri ya kuusukuma.» Anaondoa wavu. Anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Hakuna aliyekumbuka kuzima kifungo, sababu mashini ilijizima yenyewe. Umeme unarudi.

Mama huyo hakuwa mjinga wala mvivu. Alikuwa mwenye bidii kuliko wenzake. Ndiyo maana tunasema: mashini iliyonyamaza bado haijafa. Imekufa tu wakati waya umetolewa katika prizi na wewe mwenyewe unauona mkononi ama sakafuni. Kama mashini haina prizi, bali imeungwa na kisanduku cha ukutani, zima kile kisanduku, kifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae katika mfuko wa yule anayeingiza mkono. Si kwa presidenti wa kikundi, si juu ya dirisha. Wamama wawili wakifanya usafi, kila mmoja aweke kufuli yake, kama kisanduku kina nafasi.

Kama mashini yenu inazungushwa na moteri ya mazutu, ni vilevile: izimeni, ngojeni gurudumu lisimame kabisa, ondoeni mkanda. Gurudumu zito linaendelea kuzunguka hata nyuma ya kuzima.

Kuna mashini ambazo umeme ukirudi hazianzi mpaka mtu afinye kifungo tena. Kuna nyingine zinaanza zenyewe. Mnajuaje yenu ni ya namna gani? Mwite fundi. Pipa likiwa tupu, vifuniko vyote vimefungwa na watu wote wako mbali, awashe mashini, akate umeme kwenye kisanduku, kiisha aurudishe. Ikianza yenyewe, mwombeni aweke kifungo cha namna ile nyingine. Lakini hata akikiweka, desturi ya kutoa waya ibaki.

Kwa nini mkono unataka kuingia?

Tumeuliza sana ulizo hili, maana kukataza peke yake hakusaidii. Mkono unaingia sababu unga haukuchanganyika vizuri ama umekwama. Na unga hauchanganyiki vizuri pipa likijaa kupita kiasi. Usijaze zaidi ya theluthi mbili. Unga uwe mkavu; soja iliyokaangwa ipoe kabisa mbele ya kusagwa na kuchanganywa, sababu ikiwa na joto inatoa unyevu na kushikamana. Mwaga unga kidogo kidogo kwa zamu: mahindi kidogo, soja kidogo, mutama kidogo. Usimwage soja yote mwishoni, itabaki juu kama blanketi, na mtoto mmoja atapata mahindi matupu.

Ukitaka kuona kama umechanganyika, usionje ukiwa unazunguka. Zima, toa waya, chukua kiganja kimoja mbele, kimoja katikati, kimoja nyuma, uviweke juu ya karatasi nyeupe. Rangi zikiwa sawa, kazi imekwisha. Zikitofautiana, funika, zungusha dakika nyingine 5.

Na ile fimbo? Tumeona wamama wanasukuma unga kwa fimbo mashini ikizunguka, wanasema fimbo si mkono. Mashini inaishika fimbo, inaivunja ama inairusha usoni, na vipande vyake vinaingia katika uji wa watoto. Fimbo ni kwa mashini iliyokufa tu.

Mtoto awe wapi?

Hapa hatutakubali maneno mengi. Mtoto asiwe mgongoni mwa mama anayefanya kazi ya mashini. Kitambaa cha kumbebea kina ncha, mtoto ana mikono, na ukiinama yeye ndiye anayekuwa karibu na pipa. Yule anayeanza kutembea ni hatari zaidi, sababu mkanda wa mashini nyingi uko kwenye kimo cha uso wake na unampendeza kwa kuwa unakimbia.

Lakini tunajua pia kwamba mtoto anayenyonya hawezi kuachwa nyumbani siku nzima. Basi kila zamu mama mmoja akae inje na watoto wote, chini ya kivuli, na apate sehemu yake ya pesa kama wengine. Hiyo nayo ni kazi. Mtoto akilia kwa njaa, mama yake asikimbie na kuacha mashini inazunguka bila mtu. Azime, ama amwambie mwenzake kwa kinywa, «Chukua mashini,» na mwenzake ajibu, «Nimeichukua.» Mama mwenye mimba asibebe mifuko ya kilo 50, agawe unga katika ndoo, ama wenzake wabebe.

Vumbi na moshi

Vumbi la unga linaingia kifuani na kuleta kikohozi na pumu. Fungueni madirisha, funikeni pua na kinywa kwa kitambaa kisicho na ncha ndefu. Tena vumbi la unga likijaa katika hewa linaweza kuwaka kwa mara moja kama esansi. Basi hakuna mshumaa, hakuna taa ya petroli, hakuna makaa ya kukaangia soja katika nyumba ya mashini. Moteri ya esansi ama ya mazutu ikae inje: moshi wake una sumu isiyo na harufu, inayoua watu ndani ya nyumba iliyofungwa, na inamdhuru mtoto aliye tumboni. Sakafu iwe kavu, na miguu iwe na viatu.

Kama ajali imetokea

Mkono umeshikwa: kateni umeme kwanza. Msiwashe tena mashini ili kuuachilia, wala msivute. Fundi aondoe mkanda na kufungua pipa polepole. Kama mtu ameshikwa na umeme, msimguse mpaka umeme umekatwa.

Damu ikitoka, finya kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na usiache kufinya kwa kutazama-tazama. Msitie majivu, udongo, majani, kahawa wala mazutu. Vua pete zilizobaki mbele ya vidole kuvimba. Mleteni hospitalini upesi, hata kama kidonda kinaonekana kidogo, maana mkono uliopondwa unaharibika ndani. Usimpe chakula wala kinywaji njiani, sababu labda munganga atampasua.

Na leteni karte yake ya chanjo. Zile sindano za tetanosi mlizopata katika mimba hazilindi mtoto peke yake. Zinamlinda mama pia kwa kidonda kichafu. Muuguzi ataangalia karte na kujua kama inafaa kuongeza sindano nyingine. Wanaume wengi hawana karte hiyo. Fundi wenu na mlinzi wenu wa usiku nao waulize chanjo yao mbele ya ajali, si nyuma yake.

Maulizo ya kuzungumzia katika kikundi

Umeme ukikatika leo usiku, ni nani kati yenu ana kazi ya kutoa waya, na kama huyo hayuko?

Wavu wa mlango wa juu uliondolewa lini mara ya mwisho, na skrubu zake ziko wapi sasa?

Nani anakaa na watoto kesho?