Je, Vimbunga vya Siku Hizi ni Vikali Kuliko vya Zamani?

Katika mdahalo wa muhula huu, hoja iliyowekwa mbele yetu ilikuwa kwamba vimbunga vya Bahari ya Hindi vimezidi ukali kwa sababu dunia inapata joto. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono, nasi tulishindwa. Msemaji wa upande wa pili, kijana wa Kidato cha Tatu, alisimama akauliza swali moja tu: "Ikiwa joto la siku hizi ndilo liletalo vimbunga, ni nani aliyeipasha moto bahari mwaka 1872?" Ukumbi mzima ulicheka, na kura zikamwendea yeye. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari hizi kila nipatapo nafasi, na sasa naona kwamba yeye alisema kweli, nami nilisema kweli, ila hoja yangu niliijenga vibaya.

Tuanze na huo mwaka wake. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini zilivunjika na kuzama, na mashamba ya mikarafuu yakang'olewa, ikasalia michache. Kisiwa cha Pemba kiliponea, na tangu hapo ndicho kilichoshika nafasi ya kwanza katika kutoa karafuu. Miaka 80 baadaye, mwezi wa Aprili 1952, kimbunga kingine kilipiga Lindi. Basi mtu asemaye kwamba vimbunga ni kitu kipya katika pwani yetu, kama nilivyosema mimi pale ukumbini, anakosea.

Lakini tujiulize kwanza, kimbunga hupata wapi nguvu zake? Litazame sufuria la uji jikoni asubuhi. Mvuke hupanda, hugusa kifuniko, hugeuka kuwa matone ya maji. Unapogeuka hivyo huliacha lile joto uliokuwa umelichukua, na mpishi aliyewahi kuunguzwa na mvuke anajua kwamba joto hilo si dogo. Mambo ni hayo hayo baharini. Maji ya juu yakifikia nyuzi 26 au 27 za Sentigredi, mvuke mwingi hupanda, hufika penye baridi, hugeuka mawingu na mvua, na joto linaloachwa huisukuma hewa izidi kupanda. Hewa nyingine hukimbilia chini kujaza nafasi, nayo huja na mvuke mpya. Maadamu kuna maji ya moto chini yake, mtambo huu hujiendesha wenyewe. Kimbunga kikipanda nchi kavu hukosa mvuke, kikafifia.

Hewa hiyo haiendi moja kwa moja. Kwa kuwa dunia inazunguka, hupindishwa, na huku kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kwenye ikweta yenyewe nguvu ya kupindisha haipo kabisa, na karibu yake ni dhaifu mno. Hii ndiyo sababu kubwa ya pwani ya Tanzania kupigwa mara chache, wakati Msumbiji na Bukini (yaani Madagaska) hupigwa karibu kila mwaka. Hatukubarikiwa kuliko jirani zetu. Ni mahali tulipo kwenye ramani.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Ikiwa chakula cha kimbunga ni joto la bahari, bahari ikizidi joto itakuwaje? Bahari ya Hindi katika nchi za joto ilipanda kwa kadiri ya nyuzi 1 kati ya 1951 na 2015, kuliko wastani wa bahari zote za dunia. Mtu atasema, nyuzi moja ni nini? Hata maji ya kuoga huwezi kuyatambua kwa tofauti hiyo. Lakini hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Yaani kimbunga kilichokuwa kikimwaga madebe 100 ya maji, kikikuta hewa hiyo, kitamwaga madebe 107. Na upepo nao una hesabu yake. Msukumo wa upepo juu ya ukuta haupandi sawa na mwendo wake, bali hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo. Upepo wa kilomita 200 kwa saa ukiwa kilomita 210, mwendo umeongezeka kwa asilimia 5 tu, lakini msukumo umeongezeka kwa asilimia 10 na zaidi. Wenzangu wa mchepuo wa sayansi wanaweza kuikagua hesabu hii.

Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilitoa taarifa yake mwaka 2021. Ilisema kwamba idadi ya vimbunga duniani haionekani kuongezeka, na huenda hata ikapungua. Kilichoongezeka katika miaka 40 iliyopita ni sehemu ya vile vikali, vya daraja la 3 hadi la 5, yaani vyenye upepo wa kilomita 178 kwa saa au zaidi. Kama katika darasa hesabu ya wanafunzi ni ile ile, ila warefu wamekuwa wengi kuliko zamani. Kumbe mwaka 1872 haupingani na jambo hili hata kidogo. Mwanafunzi mmoja mrefu alikuwako zamani. Sisi tunauliza juu ya darasa zima.

Kosa langu kubwa pale ukumbini lilikuwa kuhesabu waliokufa. Nilisema, Idai ya Machi 2019, iliyopiga Beira, iliua watu zaidi ya 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Basi vimbunga vimezidi. Lakini idadi ya waliokufa hupima mambo mengi pamoja: watu wangapi wanakaa bondeni, nyumba zimejengwa kwa nini, miti ya mlimani imekatwa au la, na kama onyo lilifika mapema. Mwezi mmoja baada ya Idai kilikuja Kenneth, kikaingia Cabo Delgado tarehe 25 Aprili na upepo wa kilomita 220 hivi kwa saa. Upepo wake ulikuwa mkali kuliko wa Idai, na waliokufa walikuwa wachache sana kuliko wa Idai. Vilevile si kila gharika ni kimbunga. Mafuriko ya Aprili 2024, ambayo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba yameua watu 155, yaliletwa na mvua za El Nino. Kimbunga Hidaya kilikuja baadaye, kikafika Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimekwisha kupunguza nguvu, na hata hivyo barabara ya Lindi ilikatika pale Somanga.

Msomaji wa Tunduma au Vwawa ataniuliza, sisi wa milimani yatuhusu nini? Nami namjibu kwa habari ya Freddy. Kimbunga hiki kilizaliwa mwanzoni mwa Februari 2023 karibu na Australia, kikavuka bahari yote, kikapiga Bukini na Msumbiji, kikarudi baharini kujilisha, kisha kikapiga Msumbiji mara ya pili tarehe 11 Machi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kwamba kiliishi siku 36, kupita kimbunga chochote kilichopimwa. Kilipofika Malawi upepo wake ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni mvua, mvua ya miezi sita katika siku sita. Milima ya Blantyre iliporomoka usiku juu ya nyumba za watu. Malawi peke yake ilipoteza watu zaidi ya 600, na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana.

Blantyre iko mbali na bahari kama sisi, na mitelemko yake ni kama ya Ileje. Toka Tunduma hadi huko ni zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyoka, lakini undugu haupimwi kwa kilomita. Jirani yetu nyumbani ni mama wa Kimalawi aliyeolewa huku. Siku tatu alipiga simu kwa kaka yake bila kujibiwa, na mama yangu akawa anakwenda kukaa naye jioni. Siku ya nne simu ikaita. Kaka mtu alikuwa mzima, nyumba haikuwapo.

Tena kimbunga kikikaa katika Mlango wa Msumbiji huvuta hewa yenye mvua kuelekea kwake, mahali pengine pakafurika na pengine pakakauka. Wakati wa Idai, mvua za masika zilichelewa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mkulima wa mahindi wa Mbozi au Momba anayesikia redioni habari za kimbunga cha Msumbiji asidhani ni habari za ugenini.

Lipo jambo moja ambalo hata wataalamu hukwama. Mwaka 2022 walichunguza Ana na Batsirai, wakaona kwamba joto la dunia liliongeza mvua zake, lakini hawakuweza kutaja kwa kiasi gani, kwa kuwa vituo vya kupimia mvua katika nchi hizo ni vichache na kumbukumbu zake zina mapengo. Kipimo cha mvua si kitu cha gharama. Ni mkebe, mrija na mtu wa kuandika kila siku saa tatu asubuhi, hata likizoni.

Kijana wa Kidato cha Tatu ameisoma makala hii kabla haijapelekwa kwa mhariri. Amekubali yote isipokuwa ile hesabu ya msukumo wa upepo, ambayo anasema ataifanya upya mwenyewe.