"Stelingi Hafi": Maoni ya Watazamaji wa Filamu za Mapigano kama Uhakiki wa Fasihi

Utangulizi

Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki kuna kauli ambayo haihitaji kufafanuliwa: "Stelingi hafi." Neno stelingi, lililotoholewa kutoka Kiingereza na kuzoeleka kwa matamshi mbalimbali, humaanisha mhusika mkuu wa filamu, hasa filamu ya ngumi na mateke. Kauli hiyo hutamkwa ili kumtuliza aliyeshikwa na taharuki; hutamkwa pia kwa hasira pale filamu inapoivunja. Ni rahisi kwa msomi wa Kiswahili kuipuuza kuwa ni porojo za vijana. Makala haya yanashikilia kwamba kauli hiyo, pamoja na maoni mengine ya watazamaji wa filamu za mapigano, ni uhakiki wa fasihi: yana kigezo, yana hoja na yana ushahidi. Ili kulithibitisha hilo, makala yanaijadili filamu ya Fist of Fury (1972) kwa kuilinganisha na Utendi wa Fumo Liyongo, huku yakimzingatia mtazamaji wa Eldas, mojawapo ya maeneo bunge sita ya Kaunti ya Wajir.

Mtazamaji na Upeo wa Matarajio

Mwaka 1967 mhakiki Mjerumani Hans Robert Jauss alitoa mhadhara uliokuja kuwa msingi wa nadharia ya upokezi. Alidai kwamba kazi ya fasihi haina maana moja iliyofungiwa ndani yake. Maana huzaliwa pale kazi inapokutana na upeo wa matarajio wa mpokezi. Upeo huo hujengwa na kazi ambazo mpokezi amekwisha kuzijua na maisha aliyoyaishi.

Mtazamaji wa Eldas ana upeo wake. Lugha yake ya kwanza kwa kawaida ni Kisomali. Kiswahili hukifunza shuleni na kukitumia sokoni, afisini na safarini. Filamu ya Hong Kong huweza kumfikia baada ya kupita mikononi mwa wengi: imetungwa kwa Kichina, ikatiwa sauti za Kiingereza, ikasimuliwa upya kwa Kiswahili, kisha jirani akamnong'onezea kwa Kisomali. Katika mkondo huu ndipo wanapopatikana wafasiri wa filamu kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya. Hawa hawatafsiri maneno pekee. Wao hutania, hukejeli, huwapa wahusika majina mapya na hutabiri yatakayotokea. Kwa istilahi za fasihi simulizi, ni fanani wanaosimulia mbele ya hadhira. Maoni basi hayaanzi filamu inapokwisha. Yamo ndani ya usimulizi wenyewe.

Je, Stelingi Amekufa?

Fist of Fury iliongozwa na Lo Wei, na mhusika wake mkuu, Chen Zhen, akaigizwa na Bruce Lee. Chen anarejea Shanghai na kumkuta mwalimu wake, Huo Yuanjia, amefariki. Wajapani wanaleta msibani kibao cha kuwadhihaki Wachina kuwa wagonjwa wa Asia. Chen anakirudisha kibao hicho kwa wenyewe na kuwapiga peke yake wanafunzi wa chuo chao. Baadaye anagundua kwamba mwalimu aliuawa kwa sumu, naye anaanza kulipiza kisasi. Mwishoni anakubali kujisalimisha ili chuo chake kisiangamizwe. Anapotoka mlangoni anakabiliwa na safu ya bunduki. Anakimbia, anaruka, na picha inaganda akiwa hewani huku milio ya risasi ikisikika.

Hapa ndipo mjadala wa watazamaji huchacha. Anayeshikilia kwamba stelingi hafi husema: maiti haikuonyeshwa, kwa hiyo hakufa. Anayempinga husema: risasi zimesikika, na hakuna anayezishinda risasi. Wa kwanza anategemea kanuni ya utanzu. Wa pili anategemea mantiki ya matukio. Huu ni mgongano halali wa kihakiki.

Historia ya filamu yenyewe inaonyesha kwamba pande zote mbili zina watetezi hata miongoni mwa watunzi. New Fist of Fury (1976), iliyoongozwa na Lo Wei huyohuyo, inaendeleza kisa baada ya kifo cha Chen. Katika Fist of Legend (1994), iliyoigizwa na Jet Li, Chen anasalia hai. Mwaka 1995 kisa kiligeuzwa tamthilia ya runinga huko Hong Kong, Donnie Yen akiwa Chen. Na mwaka 2010 mwigizaji huyo alirudi katika filamu inayomwonyesha Chen akiwa hai miaka mingi baadaye. Yaani hadhira ilipokataa shujaa afe, watunzi walimfufua. Hivi ndivyo mighani inavyoishi: kwa kusimuliwa upya kulingana na haja ya wasikilizaji.

Msomaji wa Kiswahili anapaswa kuitambua picha hiyo iliyoganda. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa na mfalme wa Pate. Liyongo anaamka, anachukua upinde wake, anapiga goti karibu na kisima na kutia mshale. Anakufa katika hali hiyo. Watu hawathubutu kumkaribia wala kuteka maji, kwa kuwa hawajui kama yu hai au amekufa. Chen ameganda hewani; Liyongo ameganda kwa goti. Katika kazi zote mbili, mwili wa shujaa unaendelea kutisha baada ya uhai kuutoka, na hadhira inabaki na swali lilelile. Tofauti ni kwamba utendi hatimaye unauangusha mwili na kuwaonyesha watu sindano. Filamu haiuangushi. Mtazamaji wa kibandani anapobishana juu ya kifo cha Chen, anafanya kazi ambayo mtunzi amemwachia.

Chuku na Uhalisi

Maoni ya pili huhusu ukweli: "Haiwezekani mtu mmoja apige chuo kizima." Pingamizi hili lina uzito, lakini hadhira hiyohiyo hushangilia pigo lisilowezekana. Maelezo yake yamo katika dhana ya chuku. Liyongo naye anabeba mkoba wenye kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga, na Wagala wanapoona vitu hivyo wanastaajabu. Hakuna msikilizaji wa utendi anayeuliza uzito wa mkoba huo. Chuku hupima hadhi, haipimi misuli. Mtazamaji anayesema "haiwezekani" na kisha kupiga makofi hajipingi. Anatambua chuku na kuikubali kwa sababu ya dhuluma inayotangulia.

Dhuluma hiyo inadhihirika zaidi katika bustani ambapo Chen anakuta ilani inayosema kwamba mbwa na Wachina hawaruhusiwi kuingia. Anaivunja kwa teke. Kwa mtazamaji wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya, tukio hili haliko mbali. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliendesha uchunguzi maalumu wa uraia wa Wakenya Wasomali, na waliopita wakapewa kadi ya ziada ambayo raia wengine hawakutakiwa kuwa nayo. Aliyewahi kuulizwa uraia wake katika nchi aliyozaliwa, au aliyesimuliwa hayo na wazazi wake, ana sababu ya kulielewa teke lile bila mfasiri. Upeo wake wa matarajio umejengwa na historia.

Hasira na Hekima

Maoni ya tatu humlaumu shujaa: "Ana nguvu, lakini hana subira." Lawama hii ina msingi katika filamu, kwa sababu kisasi cha Chen kinasababisha wenzake kushambuliwa na kuuawa chuoni. Masimulizi ya Kisomali kuhusu Garaad Wiil Waal yanampa mtazamaji kigezo cha kumpimia Chen. Wiil Waal huwataka watu wamletee kiungo cha kondoo kinachoweza kuwaunganisha au kuwatenganisha wanadamu, na binti wa maskini ndiye anayetambua kwamba kiungo hicho ni umio, kwa kuwa ulafi huleta uadui na ukarimu huleta udugu. Katika kisa hiki ubora ni wa akili. Liyongo pia anatoroka gerezani kwa hila: mamaye anamletea tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, ambao walinzi hawautamani. Mtazamaji anayemlaumu Chen kwa hasira anatumia kigezo ambacho jamii yake imekitumia kwa vizazi vingi, na kinachopatikana vilevile katika fasihi ya Kiswahili.

Funzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi anayekusanya maoni ya watazamaji anafaa kuzingatia maswali matatu. Kwanza, maoni yanategemea kigezo gani: kanuni ya utanzu, uhalisi au maadili? Pili, kigezo hicho kimetoka katika kazi gani nyingine au tajriba gani ya maisha? Tatu, maoni yametolewa kwa lugha ipi, na neno lililochaguliwa linabeba nini? Neno stelingi, kwa mfano, halilingani kikamilifu na neno shujaa. Shujaa anaweza kufa, kama Liyongo. Stelingi amewekewa sharti la kuishi. Tofauti hii ni istilahi ya kihakiki iliyobuniwa na hadhira, na haimo katika vitabu vya kiada.

Mwalimu wa Eldas anayefundisha mighani anaweza kuanzia hapo. Mwanafunzi anayeonekana hajui lolote kuhusu sifa za shujaa huenda anazijua zote, ila anazijua kupitia Chen Zhen na Wiil Waal. Akiulizwa kwanza kama stelingi hufa, atakuwa amekwisha kuuingia Utendi wa Fumo Liyongo kabla ya kufungua kitabu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maoni ya watazamaji wa filamu za mapigano hujikita katika kanuni za utanzu, chuku na maadili ya ushujaa, mambo yaleyale yanayomshughulisha mhakiki wa utendi. Kuyapuuza ni kuwafungia nje ya somo wale waliokwisha kulianza wenyewe. Pale kisimani, watu wa Liyongo walimwogopa marehemu kwa sababu hakuna aliyesogea kumtazama kwa karibu. Wasomi wa Kiswahili nao hawana budi kukisogelea kibanda cha video.