Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Mlishe mama, mtoto atanyonya



Ndugu zangu, jana baada ya tarawehe tulisomewa orodha ya vitu vya kuwapelekea wakimbizi Dadaab. Mchele, sukari, tende, mashaallah. Mwisho kabisa: maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Nia ni njema, wala simlaumu aliyeandika, mimi mwenyewe mwaka jana nilinunua makopo mawili. Lakini hilo la mwisho naomba tulitazame tena.

Maziwa ya kopo yanataka maji safi yaliyochemshwa na chupa iliyooshwa vizuri. Sasa mfikirie mama aliyekimbia Somalia, yuko Ifo au Hagadera, maji anapanga foleni, kuni za shida. Atachemsha mara ngapi kwa siku? Kopo likikaribia kwisha ataongeza maji ili lisogee. Mtoto anaharisha, anakonda. Na kwa kuwa hanyonyi tena kama zamani, maziwa ya mama nayo yanapungua, maana ziwa hutoa kadiri linavyonyonywa. Mwisho wa mwezi kopo limekwisha na ziwa limekauka. Sadaka yetu hiyo.

Wengi tunadhani mama mwenye njaa hana maziwa. Sivyo. Hata aliyekonda aghalabu hutoa, ila anajitoa mwilini mwake mwenyewe. Ndiyo maana wanaofundisha lishe kambini huwaambia akina mama: miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, kisha chakula laini huku ananyonya mpaka miaka 2. Pia huwafundisha kupima mkono wa mtoto kwa utepe wa rangi. Aliyetimiza miezi 6 akipima chini ya sentimita 11.5, ni nyekundu, apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Miaka 2 mnaijua, iko Suratul Baqarah, aya ya 233. Lakini aya hiyohiyo, tena hapa huwa tunapita mbio, inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, na baba asipokuwepo inamtaja mrithi. Dadaab wako watoto wengi ambao baba hayupo, na huyo mrithi naye hajulikani alipo. Basi nani anamlisha mama yule?

Halafu ana ruhusa ya kula mchana akihofia nafsi yake au mtoto, atalipa baadaye. Kwetu Shafi, akihofia mtoto tu, anaongeza kibaba kwa kila siku. Ruhusa hiyo itamfaa nini kama sufuria ni tupu?

Kwa hiyo mahali pa makopo tuweke maharage, dengu, mafuta ya kupikia, unga na tende zaidi. Mtoto aliyefiwa na mama ni jambo jingine, huyo wahudumu wa afya ndio wanaojua apewe nini. Mliokwisha nunua makopo msivunjike moyo, rudisheni dukani na risiti mbadilishiwe. Vitu vinapokelewa chumba cha madrasa, baada ya alasiri mpaka Alhamisi.