HAKI YA MTU WA BARA KATIKA MSIKITI NA CHUO

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, s.a.w., na ijulikane ya kuwa Mungu amewaumba watu mataifa na makabila ili wajuane, na mbora wao mbele yake akamfanya ni yule amchaye zaidi. Neno hili kila Muislamu alijua kwa ulimi; walitendao ni wachache.

Watazamwe watu wa Njombe. Kabla ya vita vikuu vya pili vijana wa Kibena walikuwa wakishuka kutoka milima yao ya baridi kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuandikia vibarua, iitwayo SILABU, ikawachukua kwa mikataba. Kila mtu hupewa nambari yake. Ndipo wakaitwa manamba. Jina la kazi likageuka kuwa jina la dharau. Mikataba ile imekwisha zamani, bali dharau ingali katika ndimi: mtu husema, "Huyo wa bara," akadhani amekwisha mpima.

MAS-ALA: Watu wamekutana kwa sala ya jamaa mahali pasipo imamu wa daima wala mwenye mamlaka. Mmoja ni mzee wa pwani, mwenye nasaba. Wa pili ni kijana wa Kibena, mjukuu wa manamba, naye amesoma fiqihi na kisomo chake ni safi. Nani atangulizwe?

JAWABU: Kijana. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj ya kuwa mjuzi wa fiqihi na msomaji bora hutangulizwa mbele ya mwenye umri na mwenye nasaba. Basi kumtanguliza si hisani afanyiwayo. Ni haki yake. Ama akiwapo imamu ratibu, huyo ndiye mwenye mahali pake, awe wa bara au wa pwani.

Na dalili zi wazi. Salim, mwachwa huru wa nyumba ya Abu Hudhaifa, aliwasalisha Muhajirina kule Kuba kabla ya kuwasili Mtume, na nyuma yake wamo Makureshi, kwa kuwa yeye ndiye aliyehifadhi Kurani zaidi. Na Nafii bin Abdul-Harith, liwali wa Makka zama za Sayyidna Umar, alipotoka mjini alimwachia utawala Ibn Abza, naye ni mwachwa huru. Umar alipouliza sababu, akajibiwa kuwa mtu huyo ni msomaji wa Kurani na mjuzi wa mirathi. Umar akaridhika.

Mwalimu wa chuo naye aikumbuke Sura Abasa. Kipofu, Ibn Ummi Maktum, alikuja kutaka elimu wakati Mtume akisema na wakubwa wa Kikureshi, na Mungu akateremsha aya za kumwonya Mtume wake kwa ajili ya kipofu yule. Ikiwa hivyo, atajibu nini mwalimu amketishaye mbele mtoto wa tajiri, na mtoto wa kibarua akamtuma maji hata somo likaisha?

Huenda mtu akasema: "Mbona wanazuoni wametaja kufuu?" Ajibiwe: kufuu ni mlango wa nikaha, nayo ni haki ya mwanamke na mawalii wake, hata wao wakiridhia huiacha. Haikuwekwa iwe kufuli ya mihrabu wala ya chuo.

Tena mtu wa pwani azingatie: apandapo Makambako au Njombe kwa biashara, yeye ndiye mgeni, na Waislamu huko ni wachache. Hupenda apokewe, aaminiwe, apewe nafasi sawa na mwenyeji. Basi alipendalo kwa nafsi yake kule, amtendee nduguye huku: amwite kwa jina lake, amfundishe mwanawe kama wa wengine, na ajuapo zaidi yake, asimame nyuma yake kwa moyo mweupe.

Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa wasikiao neno na kulifuata. Amin.