Funzo la Soko: Mfumo Mpya wa Hewa kwa Pikapu, Je, Unalipa?

Mfanyabiashara anayepeleka mahindi Nainokanoka kutoka Karatu huona pikapu yake ya dizeli ikichoka mlimani. Wauza vipuri humshauri anunue mfumo mpya wa kuvuta hewa. Kabla ya kutoa fedha, apige hesabu.

Kwanza, mwinuko. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, barabara hupita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya tano. Bomba pana haliifanyi iwe nzito. Turbo ndiyo huigandamiza.

Pili, vumbi. Filta nyingi za pamba yenye mafuta hupitisha hewa kirahisi, lakini pia hupitisha vumbi laini kuliko filta za karatasi. Vumbi hilo hula ringi na silinda, na kufungua injini ni kufungua mtaji.

Funzo ni hili: gari likichoka, filta chafu ibadilishwe kwanza kwa filta halisi ya karatasi inayobana vizuri. Nguvu ikirudi, bei ya mfumo mpya imebaki mfukoni. Isiporudi, na injini haina turbo, dawa ya bei nafuu ni kupunguza magunia.