Mafunzo Niliyopata Katika Kukusanya Stempu za Kijerumani

1. Sifuri nyingi si fedha nyingi. Mwaka 1923 mfumuko wa bei Ujerumani ulikwenda mbio hadi posta ikawa inapiga chapa thamani mpya juu ya stempu za zamani, na mwishoni ikatoa stempu ya mark bilioni 50. Zilizobaki bila kutumika ni tele hadi leo, na wauzaji huzitoa kwa bei ya kutupa. Adimu ni zile zilizosafirisha barua kweli, kwa kuwa baadhi zilipitwa na gharama mpya ndani ya siku chache. Wajanja wakaona mwanya, wakagonga mihuri bandia. Ya 1923 yenye muhuri siinunui mpaka niione nyuma yake alama ndogo ya mkaguzi anayeaminika.

2. Soma muhuri kabla ya picha. Stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilizoanza 1901 zina Hohenzollern, meli ya Kaisari, na meli hiyohiyo imo kwenye za Kamerun, Togo na Samoa. Picha haikuambii kitu. Fedha inakuambia kidogo: pesa kwanza, kisha heller kuanzia 1905. Muhuri ndio unaosema: Bagamojo, Muansa, Udjidji, kwa tahajia ya Wajerumani wenyewe.

3. Zipo ambazo hazikupata kufanya kazi. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, bahari ikiwa imefungwa na Waingereza, kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Wuga, huko Usambara, kilichapa stempu za dharura. Hazikutumika. Zilifukiwa ardhini, zikafukuliwa baada ya vita, zikauzwa Ujerumani. Ukiletewa yenye muhuri wa posta, rudisha.

4. Usidharau sinderela, yaani vile vibandiko vyenye sura ya stempu lakini visivyolipia barua. Kabla ya 1914 Wajerumani walishikwa na homa ya Reklamemarken, vibandiko vya matangazo ya biskuti, viatu, maonyesho. Watoto walivibandika kwenye albamu, na wachoraji hodari kama Ludwig Hohlwein walivichora. Kwangu, vinaeleza maisha ya mtaani kuliko uso wa mtawala yeyote. Bei yake nayo haiumizi.

5. Mkasi ni adui. Ndugu msomaji, kama babu aliacha barua za Tanga au Tabora za enzi za Wajerumani, usikate stempu wala usiiloweke. Iache bahasha nzima, na muhuri wake.