Bidhaa ya Mnada wa Mtandaoni Isipofika: Jinsi ya Kudai Haki Yako

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji ataweza kueleza ni nani anayewajibika bidhaa iliyonunuliwa mnadani isipomfikia, kuandaa ushahidi na barua ya madai, na kuchagua njia ifaayo ya kudai kabla muda haujampita.

1. Mnada wa mtandaoni ni mkataba

Katika mnada wa ana kwa ana, nyundo ya mnadi inapoanguka mauzo huwa yamekamilika. Hiyo ndiyo kanuni ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31. Mtandaoni hakuna nyundo. Saa ya mnada ndiyo inayoamua. Muda unapokwisha, aliyetoa dau la juu na muuzaji hufungwa na masharti waliyoyakubali walipojiunga na jukwaa hilo: mmoja alipe, mwingine alete bidhaa. Ikiwa tarehe ya kuleta haikutajwa, sheria humtaka muuzaji aipeleke bidhaa katika muda wa kufaa. Asipoipeleka, mnunuzi anaweza kudai bei aliyolipa pamoja na fidia ya hasara aliyoipata. Aidha, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa, kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa au huduma.

Jambo moja huwatatiza wengi: jukwaa la mnada kwa kawaida si muuzaji. eBay, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, huwakutanisha wauzaji na wanunuzi bila kuzimiliki bidhaa zinazonadiwa. Kwa hivyo dai lako la kwanza ni dhidi ya muuzaji. Jukwaa huingia kati kwa kadiri ya dhamana ambayo lenyewe limeahidi katika masharti yake.

2. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa fundi cherehani wa Nakuru aliyeshinda mnada wa cherehani ya umeme kwa shilingi 38,000. Mnada ulifungwa tarehe 3 Machi, naye akalipa siku hiyo hiyo kwa simu. Tangazo lilisema kuwa bidhaa ingefika katika siku kumi. Fundi huyu alikwisha kupokea malipo ya awali ya kushona sare za wanafunzi, akitegemea mashine hiyo.

Tarehe 13 Machi ilipita. Muuzaji akasema kifurushi kimekwama Mombasa. Wiki iliyofuata akasema msafirishaji anaugua. Kisha akaandika: “Vuta subira hadi mwisho wa mwezi.”

Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini katika migogoro ya aina hii subira isiyo na mpaka humnufaisha muuzaji peke yake. Karibu kila njia ya kurejeshewa fedha ina siku zake za mwisho, na ahadi za muuzaji hazisimamishi siku hizo. Muuzaji mwaminifu aliyecheleweshwa na msafirishaji hatadhurika ukifungua dai mapema, kwa kuwa dai hufungwa bidhaa ifikapo. Mlaghai, kwa upande wake, hutaraji kwamba utakapozinduka mlango utakuwa umefungwa.

3. Hatua za kufuata

*Hatua ya kwanza: Andika tarehe tatu.* Tarehe uliyolipa, tarehe bidhaa ilipopaswa kufika, na siku ya mwisho ya kufungua dai kwa jukwaa au kwa benki. Tarehe hii ya tatu ndiyo itakayokuongoza katika hatua zote zinazofuata.

*Hatua ya pili: Kusanya ushahidi.* Mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi picha za skrini za tangazo la mnada kabla halijaondolewa, jina la akaunti ya muuzaji, ujumbe wa kuthibitisha ushindi wako, ujumbe wa malipo wenye nambari ya muamala, mazungumzo yote, na nambari ya kufuatilia kifurushi ikiwa ulipewa. Usifute ujumbe wowote, hata ule ulioandika ukiwa na hasira. Ukizungumza na muuzaji kwa simu, mwandikie baadaye muhtasari wa mliyokubaliana.

*Hatua ya tatu: Mpelekee muuzaji dai la maandishi.* Litaje jambo lenyewe, kiasi cha fedha na siku ya mwisho. Fundi wetu angeweza kuandika hivi:

> “Tarehe 3 Machi nilishinda mnada wako wa cherehani ya umeme na kulipa shilingi 38,000. Nambari ya muamala nimeiambatisha. Bidhaa ilipaswa kufika kabla ya tarehe 13 Machi, nayo haijafika hadi leo. Nakutaka uilete, au unirejeshee fedha zote, katika muda wa siku saba tangu tarehe ya barua hii. Usipofanya hivyo nitawasilisha dai langu mahakamani bila kukuarifu tena.”

Barua haina haja ya matusi wala vitisho vya kumwanika muuzaji hadharani. Huenda hakimu akaisoma siku moja. Iandike ukikumbuka hilo.

*Hatua ya nne: Fungua dai kwenye jukwaa.* Tumia sehemu ya malalamiko ya jukwaa lenyewe, wala usitegemee mazungumzo ya kando peke yake. Chini ya dhamana ya eBay, kwa mfano, mnunuzi huripoti kwamba bidhaa haijafika katika siku 30 baada ya siku ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika. Muuzaji hupewa siku tatu za kazi kulitatua jambo, kisha mnunuzi anaweza kuiomba eBay iamue. Dhamana kama hizi huwalinda waliolipa kupitia jukwaa. Muuzaji akikushawishi ulipe kando ili “upunguziwe bei”, anakuondoa chini ya dhamana hiyo.

*Hatua ya tano: Rejea kwa aliyeyapitisha malipo.* Uliyelipa kwa kadi ya benki, iombe benki yako iyapinge malipo hayo kwa sababu bidhaa haikufika. Kanuni za mitandao ya kadi kwa kawaida hutoa siku 120, lakini benki yako inaweza kukutaka uwahi zaidi, uliza mapema. Aliyelipa kwa PayPal ana siku 180 tangu siku ya malipo kufungua mgogoro, kisha siku 20 za kuugeuza kuwa dai rasmi. Zikipita siku hizo 20, mgogoro hufungwa.

Malipo ya simu yana ulinzi mdogo zaidi. Huduma ya kurudisha fedha, kama ile ya kusambaza ujumbe wa M-Pesa kwa 456, imekusudiwa fedha zilizotumwa kwa nambari isiyo sahihi. Fundi wetu alimlipa mtu aliyemkusudia, kwa hivyo asidai kuwa alikosea nambari. Dai la uongo litaharibu dai lake la kweli. Ukishuku ulaghai, mwarifu mtoa huduma na polisi mara moja, kwa maana fedha zikishatolewa ni vigumu kuzirejesha.

*Hatua ya sita: Peleka dai kwenye vyombo vya sheria.* Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mikataba ya kuuziana bidhaa. Unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu iwasilishwe. Ili ushtaki, sharti umjue mshtakiwa na mahali anapopatikana. Ndiyo maana jina na anwani ya muuzaji ni vya kutafutwa kabla ya kutoa dau.

Kuchelewa peke yake ni uvunjaji wa mkataba. Lakini tangazo likiwa la bidhaa isiyokuwepo, au muuzaji akiwa ametumia jina la bandia, huo ni udanganyifu. Piga ripoti katika kituo cha polisi na upewe nambari ya OB. Malalamiko kuhusu matangazo ya kupotosha hupokelewa pia na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

4. Tahadhari mbili

Ya kwanza inawahusu wanaonunua ng'ambo kwa kutumia anwani ya wakala wa Marekani au Uingereza anayewasafirishia mizigo hadi Kenya. Kifurushi kikifika kwa wakala, muuzaji huhesabiwa kuwa amekifikisha. Kikipotea kati ya hapo na Nairobi, dhamana ya eBay haikufai tena, na dai lako ni dhidi ya wakala. Soma masharti yake ya bima kabla ya kumtumia.

Ya pili: jihadhari na watu wanaojitokeza baada ya hasara wakiahidi kukurudishia fedha ukiwalipa kwanza. Wengi wao hutafuta waliokwisha kuumizwa ili wawaumize tena.

5. Maswali ya kujipima

1. Fundi wa Nakuru alipaswa kuandika barua ya madai lini, na kwa nini?
2. Kama angelipa kwa kadi, ni njia gani ya ziada angekuwa nayo?
3. Tazama ununuzi wako wa mwisho mtandaoni. Je, unalo jina halisi la muuzaji, uthibitisho wa malipo na tarehe ya kufika? Ukikosa kimojawapo, kitafute leo.